Maswali ya Wasomaji: Jarida la Peni Tisa Ndani ya Kasha la Baharia

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, marehemu baba yetu alikuwa baharia katika meli za mizigo miaka ya 1960, na kasha lake la mbao halikufunguliwa tangu tulipomzika hadi mwezi uliopita, tulipokaa kama ndugu kugawana vilivyomo. Chini kabisa, ndani ya kanzu kuukuu, tulikuta jarida jembamba la vibonzo liitwalo Amazing Fantasy, toleo la 15, ambalo jalada lake linamwonyesha Spider-Man akining'inia kwenye utando huku amembeba mtu kwapani. Bei iliyochapishwa ni 9d. Kilichotushangaza ni kwamba hadithi ya Spider-Man inaishia kabla ya nusu ya jarida, kisha zinafuata hadithi tatu ambazo hazimtaji hata mara moja: moja ya mpiga kengele, moja ya jeneza la Misri ya kale na moja ya viumbe wa Mirihi. Mpwa wangu anasema kuwa hizo ni kurasa za majarida tofauti zilizounganishwa, na kwamba toleo halisi liliuzwa kwa senti za Marekani. Anashauri tukate kurasa za Spider-Man tuzitie kwenye fremu. Je, jarida hili ni halisi au ni la kughushi, na tulitunzeje? Baba aliandika jina lake kwa penseli juu ya ukurasa wa kwanza, je, tulifute? – Msomaji, Mombasa.

JIBU: Ndugu yetu, kwanza mnyang'anyeni mpwa mkasi. Mambo mawili anayoyaona kuwa kasoro, yaani hadithi tatu za ziada na bei ya peni, hayalitii jarida lenu doa lolote. La kwanza ni sharti la kila nakala halisi, na la pili linaeleza lilivyofika mikononi mwa baba yenu.

Amazing Fantasy halikuwa jarida la Spider-Man. Lilianza Juni 1961 kwa jina la Amazing Adventures, likatoka mara sita, kisha kuanzia toleo la 7, Desemba mwaka huo huo, likaitwa Amazing Adult Fantasy na kujinadi kuwa ni jarida linaloheshimu akili ya msomaji. Hadithi zake ziliandikwa na Stan Lee na kuchorwa na Steve Ditko, nazo zilikuwa fupi, za kurasa chache kila moja, zikisimulia vyombo vya angani, mizimu, na waovu wanaonaswa na hila zao wenyewe kwenye picha ya mwisho. Wanunuzi hawakutosha. Kufikia toleo la 15, lenye tarehe ya Agosti 1962, neno Adult liliondolewa, shujaa mpya, Spider-Man, akapewa kurasa 11 za mwanzo, na kurasa 13 zilizobaki zikaachiwa hadithi za mtindo ule ule wa awali. Mlichonacho, basi, ni jarida lililokutwa katikati ya kubadilisha nguo, na atakayezing'oa hizo kurasa 13 atakuwa ameliharibu hata kama Spider-Man atabaki mzima ukutani.

Lee alizoea kusimulia baadaye kwamba mchapishaji, Martin Goodman, hakumtaka shujaa huyo, kwa kuwa watu huchukia buibui na kijana wa shule hafai kuwa zaidi ya msaidizi wa shujaa. Ndiyo maana, kwa masimulizi yake, alimpenyeza katika toleo la mwisho la jarida lililokuwa linakufa, ambako hapakuwa na cha kupoteza. Ni kisa kitamu, lakini mimi sikimezi chote. Mkifungua ukurasa ambao mhariri anazungumza na wasomaji ndani ya nakala yenu, mtaona anawaahidi kwamba Spider-Man ataendelea kuonekana katika matoleo yajayo, na mtu anayejua kwamba duka linafungwa kesho hatangazi bidhaa za kesho kutwa. Linaloeleweka zaidi ni suala la usambazaji: tangu 1957, majarida ya Goodman yalisambazwa na kampuni iliyomilikiwa na mshindani wake, mchapishaji wa Superman, ambayo ilimruhusu kutoa majarida machache tu kwa mwezi, na kila alipotaka kuanzisha jipya ilimlazimu kuliua la zamani. Amazing Fantasy likauawa. Spider-Man alirudi na jarida lake mwenyewe lenye tarehe ya Machi 1963.

Hizo hadithi tatu nazo zisomeni, si ndefu. Ya mpiga kengele, mzee anayekataa kuhama kisiwa chenye volkano, ina kurasa tatu tu na ina upole usiotarajiwa katika jarida la aina hii. Ya jeneza la Misri, kuhusu mhalifu anayejificha mahali asipostahili kujificha, ni ya kawaida. Ya Mirihi ndiyo iliyonifurahisha, kwa sababu mume na mke unaowahurumia tangu mwanzo, waliojifungia ndani kwa hofu ya wageni kutoka angani, mwishoni hugeuka kuwa ndio wageni wenyewe. Thamani ya hadithi hizi imetambuliwa na wenye mamlaka kuliko mimi: mwaka 2008, mtu asiyetaka kutajwa aliipa Maktaba ya Bunge la Marekani michoro ya asili ya Ditko ya toleo hili, kurasa zote 24, za Spider-Man pamoja na za wenzake watatu, bila kuwatenganisha.

Sasa kuhusu bei. Nakala za Marekani ziliandikwa senti 12. Zile za soko la Uingereza zilichapishwa huko huko Marekani, katika mtambo huo huo na kwa wakati huo huo, ila bei ya jaladani ilibadilishwa kuwa 9d, yaani peni 9. Hiyo herufi d ni ya denarius, sarafu ya Kirumi ambayo ndiyo asili ya dinari yetu. Msambazaji wa Uingereza alikuwa Thorpe & Porter wa Leicester, na baharia aliyetia nanga Cardiff au London angeweza kulinunua bila shida. Kwa hiyo bei ya peni si dalili ya kughushi, ingawa kwa kawaida wakusanyaji hulipa zaidi kwa nakala ya senti. Msilohitaji kuhofia sana ni ghushi. Hofieni zaidi toleo la kurudiwa, kwa maana hadithi ya kwanza ya Spider-Man imechapishwa upya mara nyingi. Someni maandishi madogo yaliyo chini ya ukurasa wa kwanza: yataje toleo la 15, Agosti 1962, bila kutaja mwaka mwingine wa baadaye. Karatasi za ndani ziwe za aina ya gazeti, zenye rangi ya mchanga, wala si nyeupe zinazong'aa. Vipande vidogo vilivyomeguka kwenye ukingo wa kulia wa jalada visiwatie shaka, kwani visu butu vya kukatia karatasi viliyaacha hivyo majarida mengi ya Goodman.

Mtasikia kwamba Septemba 2021 nakala moja iliuzwa kwa dola milioni 3.6. Ni kweli, lakini ilikuwa imepimwa na kupewa alama 9.6 kati ya 10, na jarida lililovuka bahari kadhaa ndani ya kanzu halitafika huko. Hata hivyo, nakala zilizochakaa nazo huuzwa kwa maelfu ya dola, na hilo linatosha kuwafanya msiliuze kwa mchuuzi wa kwanza atakayebisha hodi.

Adui yenu mkubwa ni hewa ya Mombasa. Karatasi ya gazeti ina asidi, na joto, mwanga na unyevu huiharakisha kugeuka hudhurungi na kukatika. Msilitie kwenye mfuko wa nailoni wa dukani, msilipitishe kwenye mashine ya laminesheni, na msizibe mpasuko kwa selotepu, kwa sababu gundi yake hupenya karatasi na haitoki tena. Agizeni mfuko wa poliesta na kadibodi isiyo na asidi, mlilaze chini bila kulisimamisha, kwenye chumba kikavu chenye giza. Pini zikiwa na kutu ziacheni zilivyo. Kuzing'oa na kuweka mpya huhesabika kuwa ukarabati, na ukarabati hupunguza thamani.

Jina la baba msilifute. Raba itachubua karatasi ya miaka sitini kabla haijaondoa penseli, na mnunuzi makini atauona mchubuko huo kwa taa ya pembeni. Kama bado mna kitabu chake cha ubaharia chenye mihuri ya bandari, kitafuteni humo humo kashani mkihifadhi pamoja na jarida: jina moja katika vyote viwili litamjibu mpwa wenu vizuri kuliko nilivyomjibu mimi.