Eti kifungua mimba ana homoni nyingi za msongo?

Umeuliza kama uuamini utafiti unaodai vifungua mimba wana kortisoli, yaani homoni ya msongo, nyingi kuliko wadogo zao. Mimi ningeanza na saa. Kortisoli hufika kileleni kama dakika 30 hadi 45 baada ya kuamka, kisha hushuka mpaka usiku wa manane. Kortisoli hupimwa kwenye mate, na tone moja lililochukuliwa saa yoyote tu halisemi mengi. Angalia kama walipima mara kadhaa, kwa siku zaidi ya moja, na kama saa ya kuamka iliandikwa.

Halafu, nani alilinganishwa na nani? Mtoto wa saba lazima atoke familia kubwa. Kifungua mimba anaweza kutoka familia yoyote. Usipokuwa makini utapima ukubwa wa familia, pamoja na kipato chake, ukidhani unapima nafasi ya kuzaliwa. Afadhali walinganishwe ndugu wa tumbo moja, tena wakiwa na umri ule ule.

Mwaka 2015 mtafiti Rohrer na wenzake walichambua data za watu zaidi ya 20,000 wa Marekani, Uingereza na Ujerumani, wakakuta nafasi ya kuzaliwa karibu haigusi haiba, yaani tabia ya mtu, kabisa. Sasa utafiti wa watoto 40 ukija na tofauti kubwa ya homoni, mimi nasubiri urudiwe na watu wengine.