Kofia na mji: nani kampa mwenzake jina?

Shikamoo babu. Kwenye tamthilia ya Kituruki niliona bwana kavaa tarbushi nyekundu, mwenzake akaiita fes. Jioni hiyohiyo nikakuta Fez kwenye ramani ya mwanangu, mji wa Moroko. Kofia imeuzaa mji, au mji umeizaa kofia?
Msomaji, Tanga

Marahaba, mwanangu. Mji ndio mkubwa, tena kwa mbali: Idris wa Kwanza aliuanzisha mwaka 789. Kwa Kiarabu unaitwa Fas, neno linalokaribia kabisa lile la sururu, na masimulizi ya huko yanadai msingi wake ulichorwa kwa sururu ya dhahabu. Kofia zake nyekundu zilisafiri na wafanyabiashara, zikafika Istanbul na jina la zilikotoka. Mwaka 1829 Sultani Mahmud wa Pili akawaamuru watumishi wa serikali waache vilemba, wavae fes. Mwaka 1925 Ataturk, rais wa Uturuki, akaipiga marufuku.

Kinachonichekesha ni kwamba Waarabu wenyewe huiita tarbushi, kama sisi. Jina la mji limebandikwa na wanunuzi wa mbali. Nasi tumefanya vivyo hivyo: merikani aliyojifunga bibi yangu, ile pamba isiyotiwa rangi, ilipata jina kwa sababu meli za Salem, Massachusetts, ndizo zilizoileta Unguja. Nenda Salem leo uombe merikani, uone watakavyokutazama.

Marehemu baba alikuwa na tarbushi ya KAR, lile jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, akiihifadhi kwenye mkebe wa biskuti. Nikiwa na miaka tisa niliitoa nikaifua kwa maji ya moto na sabuni ya mche, eti ing'ae kwa Idi. Sikujua inavyotengenezwa: sufu hufumwa pana kupita kiasi, ikachemshwa na kusuguliwa mpaka inywee na kushikana, ndipo huumbwa kwa mvuke kwenye kalibu ya shaba. Mimi nikaichemsha mara ya pili. Maji yakawa mekundu beseni zima, na kofia ikatoka imejikunja kama pilipili iliyoanikwa, kishungi kimelala upande.

Mama hakuwa na kalibu. Aliivalisha kisufuria cha maziwa, akaivuta mpaka jasho likamtoka, akaiacha ikauke humohumo. Siku ya Idi baba aliivaa. Ilimkaa utosini kama kizibo cha chupa, akaenda nayo msikitini hivyohivyo, na hakuniuliza neno.