Kujaza kaseti za filamu mwenyewe: ya kujua kabla hujafungua kopo la kwanza

Mkanda mrefu wa filamu ya kamera, ile ya milimita 35, wa futi 100, yaani kama mita 30 na nusu, unatoa kaseti 18 za picha 36 na kinabaki kipande. Hesabu yake ni hii: fremu moja, yaani picha moja, pamoja na nafasi inayoitenga na jirani yake inakula milimita 38, sawa na matundu manane ya pembeni. Mara 36 unapata mita 1.37. Ongeza kama sentimita 25 za ulimi wa mwanzo na mkia wa mwisho, unafika mita 1.62. Wengi wanaingia kwenye kazi hii kwa sababu ya hesabu hiyo, na wana haki, maana mkanda mrefu kwa kawaida ni nafuu kuliko kununua kaseti mojamoja. Ila kwa mkanda wa kwanza jipangie kaseti 15 au 16. Zilizobaki zitakwenda kwenye kujifunza.

Anayeanza huogopa mwanga. Sawa, lakini filamu iliyoungua kwa mwanga unaiona mara moja ikitoka kwenye dawa, na sababu yake unaijua. Vinavyokula picha taratibu bila wewe kushtuka ni vumbi na kusahau, na ndiyo maana nitakaa zaidi huko.

Kwanza kisanduku cha kujazia, kinachobeba mkanda mrefu na kuuviringisha ndani ya kaseti. Viko vya namna mbili. Vingine, kama Watson, vina mlango wa ndani unaofunguliwa ukishafunga kifuniko cha upande wa kaseti, na filamu inapita bila kuguswa na kitu. Vingine, kama Lloyd, vina mdomo wa mahameli, filamu inapita katikati ya vitambaa vinavyozuia mwanga muda wote. Vya mahameli ni rahisi kutumia lakini vitambaa vyake vinakusanya uchafu. Vya mlango vinatunza filamu vizuri zaidi, ila vinadai mfuatano: funga kifuniko, fungua mlango, zungusha mkono wa kisanduku, funga mlango, ndipo ufungue kifuniko. Ukizungusha mkono wakati mlango umefungwa, filamu inabanwa na kuchubuka kuanzia fremu ya kwanza. Ukifungua kifuniko mlango ukiwa wazi, mwanga unaufikia mkanda wenyewe, na hapo hasara si ya kaseti moja tena. Mimi ningechukua cha mlango, na mfuatano huo ningeuandika kwa kalamu nene juu ya kisanduku.

Kuhamisha mkanda kutoka kwenye kopo kwenda kwenye kisanduku ni kazi ya giza totoro, chumbani au ndani ya mfuko wa giza. Taa nyekundu haifai, kwa sababu filamu nyingi za kawaida zinaiona rangi nyekundu. Fanya mazoezi kwanza mchana, macho wazi, kwa kipande cha filamu iliyokwisha kuungua. Kama mkanda ulikuwa kwenye friji, uache nje saa kadhaa bila kuufungua mpaka upoteze ubaridi, la sivyo unyevu utaganda juu yake.

Kuhusu kaseti, unaweza kununua za plastiki zenye kifuniko cha kuzungusha, au za chuma zenye kifuniko cha kubana. Za chuma zina tabia ya kufunguka zikianguka, basi zungushia tepu kwenye ukingo wa kifuniko. Njia ya tatu, tena ya bure, ni kaseti za dukani zilizokwisha kutumika: ukitoa filamu yake unaacha mkia wa sentimita tatu au nne ukichungulia mdomoni, kisha unaunganisha filamu mpya hapo, upande wa dawa (ule usiong'aa, unaoshika picha) ukilingana na upande wa dawa, ukibandika tepu pande zote mbili. Unganisho likienda mshazari hata kidogo, filamu itajiviringa ikipanda ukuta wa kaseti na mkono utaanza kuwa mzito.

Sasa tepu, mahali ambapo wengi wanaharakisha. Kata mwisho wa filamu mraba kwa mkasi mkali, na mkasi usipite katikati ya tundu, maana mpasuko huanzia hapo. Upande wa dawa uelekee kwenye spuli, ule mti wa katikati ya kaseti. Laza tepu nyembamba yenye gundi imara juu ya filamu, izungushe kwenye mti wa spuli, irudi kushika upande wa pili. Isizidi upana wa filamu. Halafu vuta kwa nguvu. Ikiachia mezani unabandika upya. Ikiachia ndani ya kamera, filamu nzima imelala upande wa pili na hakuna cha kuirudisha, utaitoa gizani kwa vidole. Hakikisha pia kichwa kirefu cha spuli kimekaa upande unaotakiwa. Kwenye kamera nyingi kinaelekea chini.

Kile kipande ulichokishika mwangani wakati wa kubandika kimeshaungua, na ndicho kitakachokuwa mwisho wa filamu kwenye kamera. Kwa hiyo ukijaza picha 36, ishia ya 36. Wale wanaosukuma mkono wa kamera mpaka ugome, wakitafuta ya 37 na ya 38, wanapiga picha kwenye filamu iliyoungua na papo hapo wanaivuta tepu. Kujaza 40 ni tamaa nyingine: spirali, gurudumu linaloshika filamu ndani ya tangi la kusafishia, imepimwa kwa filamu ya picha 36. Mimi najaza 30. Zinatoka vipande vitano vya picha sita sita, mkanda mmoja unafika kaseti 21, na spirali haigombi. Angalia tu kama namba za kuhesabia picha kwenye kisanduku chako zimehesabu ulimi ndani au nje.

Zungusha polepole. Hewa ikiwa kavu, filamu inayokwenda kasi hutoa cheche za umeme tuli, na negativu zinatoka na vidoa au alama zenye matawi usizoweza kuzifuta.

Kuhusu mikwaruzo: mstari ulionyooka unaokata fremu zote kwa kimo kilekile mara nyingi ni kazi ya chembe moja iliyonasa kwenye mahameli. Ukitokea mweusi kwenye picha iliyochapwa, umechubua upande wa dawa. Ukitokea mweupe, ni upande unaong'aa. Ili kumjua mhalifu, jaza kaseti moja kwa filamu iliyoungua, ivute yote nje bila kuipitisha kwenye kamera, iinamishe chini ya taa inayotoka ubavuni. Mstari ukiwepo, ni kisanduku au kaseti. Usipokuwepo, kaangalie bamba la nyuma ya kamera. Mahameli ya mdomo husafishwa kwa kubandika tepu na kuinyanyua wima mara kadhaa. Kaseti iliyokwaruza mara mbili baada ya kusafishwa, itupe bila huruma.

Kusahau kunatibiwa kwa lebo. Aina ya filamu, ISO (wepesi wake wa kushika mwanga), idadi ya picha na tarehe, uviandike kabla ya kuzungusha, kwa sababu ukishakuwa na kaseti nne nyeusi zinazofanana mezani kumbukumbu yako haina thamani. Andika pia kwenye kisanduku kuna filamu gani na zimetoka kaseti ngapi. Na filamu ikishapigwa, kunja pembe ya ulimi iwe alama, au irudishe yote ndani.

Kaseti tupu za kununua kwa kawaida hazina mabamba ya DX, yale Kodak iliyoyaanzisha 1983 ili kamera isome ISO yenyewe. Kamera ndogo za otomatiki zisipoyaona nyingi huchukua ISO 100. Kama filamu yako ni 400 na kamera haina pa kubadilisha, tumia kaseti kuukuu ya dukani yenye DX ya 400. Usishangae pia ukiona namba za ukingoni zinaanzia 14 au 23. Namba zinafuata mkanda mrefu, hazijui ulikata wapi.

Kaseti ya mwisho ya mkanda haina idadi unayoijua. Mkono utalegea ghafla, na huenda umejaza picha 11 au 20. Iandike "majaribio", uipimie dawa mpya au kamera unayoitilia shaka.