Ukitaka kuwapeleka watoto kuangua embe, uliza kwanza embe ni za nani

Juzi dada mmoja wa Mombasa kaniandikia inbox, ameona picha zetu za ile Jumamosi tuliyoenda mashambani, akaniuliza "na mie nataka kuwaleta wangu likizo hii ya Disemba, naanzia wapi?" Nikaanza kumjibu nikaona jibu linazidi kurefuka, acha niandike hapa, najua mko wengi mnaotaka kitu hicho hicho, watoto waache simu na tivii siku moja, wajue embe inatoka mtini si kwa mkokoteni.

Lakini siwezi kuanza na picha za kupendeza. Lazima nianze na mwaka jana, na bado inaniuma.

Mwaka jana nilikusanya watu 22, kila mtu akatoa shilingi 1,200 ya matatu na chakula, na mie ndiye niliyewaambia shamba lipo, embe zipo, tutaangua mpaka tuchoke. Nilikuwa nimeongea na mzee mmoja Magarini, ng'ambo ya Mto Sabaki, akaniambia kwa simu "karibuni mwanangu", basi nikajua yameisha. Tumefika saa tano, jua la kaskazi liko utosini, miembe imezaa mpaka matawi yamelala chini, watoto wakaikimbilia, na hapo hapo akatoka kijana na daftari mkononi akasema hakuna kugusa. Embe zote zilishauzwa! Broka alikuja tangu miti iko na maua, akalipa mti kwa mti, na mzee alikuwa na karo ya kulipa akakubali. Kwa hiyo mzee ana shamba, ana miti, ana kivuli, embe hana. Alitutandikia mikeka chini ya ile miembe na kututoboshea madafu kwa moyo wake wote, ile "karibuni" yake haikuwa ya uongo, ni mimi sikuuliza embe ni za nani.

Tulirudi na embe za kununua barabarani. Usiku wifi yangu mmoja akaandika kwenye grupu, "tumelipa elfu na mia mbili kuangalia miti", na watu wakacheka. Watu niliowapikia wali wa nazi tangu alfajiri! Hajaniomba radhi mpaka leo na mie sijamjibu, nimemwachia Mungu.

Sasa mwaka huu nilifanyaje. Nilimwendea yule yule mzee mapema, miembe ndiyo kwanza inatoa maua, nikakaa naye chini nikamwambia baba, miti mitatu usimuuzie mtu, miwili ya embe ngowe na mmoja wa embe apple, pesa hii hapa. Nikampa juu kidogo ya ile aliyokuwa akipewa na broka. Miezi ikapita, kila nikipiga simu nauliza swali lile lile, ile mitatu bado ni yangu? Nilijua namchosha lakini niliuliza.

Safari hii tulikuwa 14 tu, tukatoka Malindi saa kumi na mbili u nusu, mambo ya njiani nayaruka, kabla ya saa mbili tushafika umande haujakauka. Mzee akampa mwanangu upembo, ufito mrefu una kulabu na kimfuko cha gunia, akamwonyesha usivute embe kama unavuta kamba, izungushe ikatike na kikonyo chake. Kikonyo kikivunjika pale pale kwenye embe utomvu unaruka, na utomvu wa embe unaunguza ngozi jamani, mpwa wangu umemrukia shavuni akatoka alama nyeusi siku nne. Iliyovunjika anaiinamisha kichwa chini mpaka imalize kutoa maji yake, ndipo anaiweka kwenye kapu. Vitu vidogo hivyo, mie nimezaliwa huku na sikuvijua.

Watoto wakauliza vile vichupa vinavyoning'inia matawini ni vya nini. Ni mitego ya nzi wa matunda. Yule nzi mgeni alionekana Kenya mara ya kwanza 2003, anataga mayai ndani ya embe, nje unaiona nzima ukiipasua ni mabuu, na kwa ajili yake nchi ilijisimamisha yenyewe kuuza embe Ulaya kuanzia 2014 mpaka 2021. Ndiyo sababu mzee haachi embe iliyooza chini hata moja, anaokota zote anazifukia. Waambieni watoto wasiguse mitego, na wasitupe embe waliyoimega ovyo shambani kwa mtu.

Na hapa nataka kuwaambia wazi, wale mnaolipa ayskrimu ya Malindi mjini bila kuuliza bei halafu mnamkata mkulima shilingi kumi kwa embe, si vizuri. Mtu amelala na mti ule mwaka mzima. Mlipe mapema, mlipe sawasawa, uone kama atauuza ukiwa na maua.

Alasiri tukapitia Mambrui kwa bibi mmoja mwenye miasumini uani. Asumini inachumwa ikiwa bado matumba, jua likianza kupoa, ukingoja ifunguke umeshachelewa. Binti yangu akakaa naye mkekani na sindano, tumba moja baada ya jingine kupitia kwenye kikonyo, bibi akawa anafumua anaporuka, kimya kimya, anamrudishia uzi. Koja lake la kwanza lilipinda, akalivaa hivyo hivyo. Tulipovuka daraja la Sabaki magharibi yale matumba yalikuwa yanafunguka kichwani mwake na matatu nzima inanukia, dereva akazima redio mwenyewe.

Kwa hiyo dada wa Mombasa, jibu langu ni lile lile: uliza embe ni za nani, lipa mapema, toka alfajiri, halafu uliza tena. Nimempigia mzee jana, kuna mti mmoja wa boribo haujaiva na hajauuza. Nitumie idadi yenu kabla ya Ijumaa.