Mimba na Three... Extremes, subiri kwanza

Kaka, umeuliza umwekee shemeji Three... Extremes, ile filamu ya kutisha ya 2004 yenye hadithi tatu za waongozaji watatu, wikiendi hii na ana mimba ya miezi mitano, mi nakwambia usithubutu. Ile Dumplings ya Fruit Chan wa Hong Kong, mama wa kitajiri anakula vitu kama sambusa za kuchemsha, ndani nyama ya mimba zilizotolewa, eti arudishe ujana, na ile sauti ya kutafuna, kra kra, bado ninayo masikioni. Cut ya Park Chan-wook nayo mpiga piano anakatwa vidole. Akikomaa sana muwekee Box ya Takashi Miike peke yake, hiyo inaenda taratibu, theluji na ndoto, ila mwambie mapema kuna mtoto anaungua. Akianza kukosa usingizi au wasiwasi usioisha, mpeleke kliniki.