Mapambano Yasiyoandikwa Kwenye Rekodi: Ushauri kwa Bondia wa Uzani wa Welta

Nilipigana ngumi za kulipwa kwa miaka kumi na moja, karibu zote katika uzani wa welta, na rekodi yangu inasomeka mapambano 31: nimeshinda 22, nimepoteza 7, nimetoka sare 2. Vijana wanaokuja kuniomba ushauri huanzia hapo hapo kwenye rekodi. Wanataka kujua nilimkabili vipi mpinzani anayetanguliza mkono wa kulia, au nilijifunzaje kupiga mbavu bila kuacha kidevu wazi. Nawajibu, lakini baada ya hapo huwarudisha kwenye mambo ambayo hakuna jaji aliyewahi kuyatolea pointi, kwa sababu madhara niliyoondoka nayo kwenye mchezo huu niliyapata zaidi kwenye mizani na kwenye ulingo wa mazoezi kuliko katika usiku wowote wa pambano.

Nianze na mizani. Kikomo cha welta ni pauni 147, yaani kilo 66.68, chini yake kuna welta mwepesi wa pauni 140, na juu yake kuna super welta wa pauni 154. Bondia wa kulipwa kwa kawaida hupimwa siku moja kabla ya pambano, na ule muda ulio kati ya mizani na kengele ndio unaotudanganya, kwa kuwa kila mmoja wetu hujiambia kwamba atajikausha leo, atakunywa maji usiku kucha, na kesho atapanda ulingoni akiwa mzito kuliko mwenzake. Mpinzani naye anajiambia hivyo hivyo. Mwishowe mnakutana watu wawili mlioteseka kwa kiwango kile kile ili asipatikane hata mmoja mwenye nafuu.

Nje ya kambi nilikuwa na kilo 76. Kabla ya pambano langu la kumi na tisa, ambalo lilikuwa la kuwania mkanda, nilipanda mizani asubuhi nikakuta kilo 67.1, nikapewa saa mbili za kuondoa kilichozidi. Nilivaa koti la plastiki juu ya fulana mbili za kufumwa, nikaruka kamba chooni kwa sababu ndipo palipokuwa na joto, huku nikitafuna chingamu na kutema mate kwenye chupa ambayo kocha wangu aliishika kana kwamba ameshika dawa. Baada ya dakika ishirini jasho liligoma. Ngozi ya mikono ilikuwa kavu na ya moto, na nilipojaribu kumeza, ulimi uling'ang'ania kaakaani. Nilirudi kwenye mizani nikiwa uchi nyuma ya taulo lililoshikwa na watu wawili, nikapita, watu wakapiga makofi, nami nikatunisha misuli kwa ajili ya picha. Kwa kweli nilikuwa nimeanza kushindwa muda ule ule.

Kesho yake niliongoza raundi tano. Katika ya sita nilimwona mpinzani akishusha bega la kulia, nikajua kinachokuja, nikaamuru miguu isogee, nayo haikusogea. Nilimaliza raundi zote 12 na kupoteza kwa pointi, na waliotazama walisema nilikosa moyo. Nilichokosa kilikuwa maji. Unaweza kunywa lita nyingi baada ya kupimwa na uso ukajaa tena kwenye kioo, lakini mwili hauyarudishi maji kila mahali kwa kasi moja, na madaktari wa michezo wamekuwa wakionya kwa muda mrefu kwamba bondia aliyejikausha huchoka mapema, na kwamba kichwa chake huenda kikawa katika hatari kubwa zaidi anapopigwa.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: ukiwa katikati ya mazoezi mazito, ukila na kunywa kama kawaida, jipime kila asubuhi kwa mwezi mzima na uandike. Ikiwa wastani wako umezidi kilo 71, kwa maoni yangu wewe si welta, hata kama nafasi yako kwenye orodha ya ubora iko huko. Mimi niliogopa kupanda super welta kwa sababu niliamini wanaume wa huko ni wakubwa mno, na pia, nikiri, kwa sababu jina langu lilikuwa limezoeleka na uzani ule. Nilipopanda hatimaye, nikiwa na miaka thelathini na mbili, niligundua kwamba kwa kanuni za kawaida glovu nazo zinatoka aunsi 8 kuwa aunsi 10, na kwamba bondia aliyekula hupiga ngumi katika raundi ya kumi.

Jambo la pili ni sparingi, yaani kupigana na mwenzako kwa mazoezi, na hapa nina uchungu zaidi. Kambi zangu zilikuwa za wiki nane. Tulicheza sparingi mara tatu kwa wiki, raundi sita hadi nane kila mara, na mara nyingi na watu wa uzani wa kati, wazito kuliko mimi, waliokuwa wakijiandaa na mapambano yao wenyewe. Piga hesabu uone: ni zaidi ya raundi 140 ili kujiandaa kwa raundi zisizozidi 12. Glovu ni za aunsi 16 na kichwa kimevikwa kinga, kwa hiyo kila mtu anajisikia huru kupiga kwa nguvu, ilhali kinga ile huzuia zaidi michubuko na mipasuko kuliko mtikisiko wa ubongo ndani ya fuvu.

Alasiri moja nilipigwa ngumi ya kuzungusha nyuma ya sikio. Sikuanguka. Niliendelea hadi kengele, nikatania na wenzangu, nikaoga, kisha nikasimama nje nikiwa na ufunguo mkononi kwa muda ambao siujui, nikijaribu kukumbuka ufunguo ule ulikuwa wa nini. Sikumwambia kocha, na baada ya siku mbili nilirudi ulingoni. Laiti ningepigwa hivyo mbele ya watazamaji nikaangushwa nikashindwa kuinuka (KO), ningefungiwa kupigana kwa wiki kadhaa na kutakiwa kupimwa upya. Lakini ukumbi wa mazoezi hauna refa, hauna daktari, na hakuna anayeuandikia ripoti. Jiwekee mwenyewe adhabu ambayo tume inayosimamia ngumi ingekuwekea. Ukitikiswa, usiguse sparingi kwa muda ule ule ambao ungefungiwa, nenda kwa daktari, na mwambie kocha siku hiyo hiyo. Kocha atakayekuita mwoga kwa kusema hivyo amekupa sababu nzuri ya kutafuta kocha mwingine.

Kuhusu fedha nitasema kwa kifupi, kwa kuwa wengi wameshaandika. Meneja anaweza kuchukua hadi theluthi, kocha kwa desturi asilimia 10, na gharama za kambi hukatwa kabla hujaona chochote. Uliza kwa maandishi kama asilimia zinahesabiwa kabla au baada ya gharama, kwa sababu neno hilo moja liliwahi kunifanya niondoke kwenye pambano nikiwa na deni. Vilevile usikubali meneja awe mshirika wa promota, yaani mwandaaji wa mapambano. Marekani ilitunga sheria mwaka 2000 yenye jina la Muhammad Ali inayokataza jambo hilo, na hata pale ambapo sheria ya namna hiyo haipo, mantiki yake inabaki ile ile: mtu hawezi kukupigania bei dhidi ya mfuko wake mwenyewe.

Suala la kustaafu ndilo ninaloulizwa kwa sauti ya chini. Kila bondia aliyepumzika humtaja Sugar Ray Leonard, mfalme wa welta wa kizazi chake, ambaye mwaka 1987 alirudi na kumshinda Marvin Hagler, bingwa wa uzani wa kati. Tunaisimulia sehemu hiyo tu. Tunaacha kusema kwamba jicho lililomfanya atangaze kustaafu mwaka 1982 lilianza kumsumbua akiwa mazoezini. Kwamba aliporudi mwaka 1984 Kevin Howard alimwangusha, na ingawa alishinda, alitangaza kustaafu tena usiku ule ule. Kwamba mwaka 1991 Terry Norris alimwangusha mara mbili. Na kwamba mwaka 1997, Leonard akiwa na miaka 40, Hector Camacho alimmaliza katika raundi ya tano. Ikiwa huyo, kwa kipaji kile, alirudi mara moja ipasavyo, mimi na wewe tuwe wapole na mahesabu yetu.

Ishara yangu haikutoka ulingoni. Mke wangu aliniambia kwamba kwa jioni tatu mfululizo nilikuwa nimemuuliza swali lile lile, na kwamba alinijibu mara zote tatu bila kusema kitu kwa kuwa hakutaka kunitia hofu. Nilitundika glovu mwezi uliofuata. Sasa napimwa kumbukumbu kila mwaka, na yeye huingia nami kwa daktari, kwani majibu yake ni ya kuaminika kuliko yangu.

Miezi minane baadaye promota mmoja alinipigia simu. Bondia wake alikuwa amepoteza mpinzani, na pambano lilikuwa la uzani wa welta. Aliniuliza nina kilo ngapi, nikamwambia 81. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba bado tuna wiki tatu.