Vitz 1.0 au 1.3 kwa mtu wa Malindi: tazama injini kwanza, toleo baadaye

Assalaam aleikum Mwalimu, na nyote mnaofuatilia.

Swali lako, kwa wasiolisoma: unakaa Malindi, unafundisha Gongoni, unakwenda na kurudi kila siku, na mara mbili kwa mwezi unashuka Mombasa na mama watoto na watoto watatu. Kwenye yadi moja Mombasa umeonyeshwa Toyota Vitz mbili za mwaka mmoja. Ya kwanza ni ya injini ya lita 1.0, toleo la F (la kawaida), safi, kilomita chache. Ya pili ni ya lita 1.3, toleo la U (la juu kidogo), bei imepanda kidogo na kilomita zimesogea. Juu ya hayo binamu yako anakuhimiza uziache zote uchukue Mazda Demio ya dizeli. Wengi waliokujibu wamesema chukua 1.0, haili mafuta, yakaishia hapo. Mimi siafikiani nao. Kazi yangu ni kubeba watu. Passo ya lita moja nimeiendesha mjini hapa kwa miaka, na sasa ninayo Vitz ya 1.3 ninayochukulia wageni uwanja wa ndege, Watamu hadi Mombasa.

Niseme haki ya 1.0 kwanza. Kwa mtu ambaye safari zake ni Barani, sokoni, Maweni na kurudi nyumbani, injini ile inatosha na kubaki. Malindi ni tambarare, hakuna mlima wa kuitesa. Ina mnyororo wa taimingi badala ya mkanda, spea zake zipo kila duka, na mafundi wetu wameifungua mara nyingi mno. Ina silinda tatu, kwa hiyo gari likisimama utasikia mtetemo kidogo. Huo ndio mwenendo wake, usitishike. Mtetemo ukizidi hadi dashibodi inalia, hapo angalia maunti, ile mipira inayoshikilia injini.

Lakini safari zako wewe si hizo. 1.0 ina cc 996, nguvu farasi 69 na msukumo wa niutoni-mita 92. 1.3 ina cc 1329, silinda nne, na kuanzia toleo la 2014 nguvu farasi 99 na msukumo wa 121. Ukizisoma kwenye karatasi utaona ni tofauti ndogo ya magari madogo. Sasa zichukue hadi kati ya Gongoni na Mambrui saa nane mchana. Mbele yako kuna trela la chumvi limejaa, ndani mko watano, AC iko juu kabisa kwa sababu joto halivumiliki. Unataka kulipita. Unakanyaga mafuta, gia ya CVT (otomatiki ya mkanda, isiyo na hatua za gia) inapandisha mzunguko, injini inapiga kelele, lakini mwendo unapanda polepole, na ule upande wa pili unaona basi la kwenda Lamu limewasha taa. Kila dereva wa gari la lita moja hapa kwetu anaijua ile tabia: mkono unakwenda kwanza kwenye kitufe cha AC, unaizima, ndipo unapogusa indiketa. Kompresa ya AC inaendeshwa na injini hiyo hiyo, na injini ndogo ndiyo inayoona uzito wake. Kwenye 1.3 AC inabaki imewaka, unatoka, unapita, unarudi upande wako na nafasi imebaki. Kwa mtu anayepita barabara ile kila siku ya kazi, na ya Mombasa na watoto wake ndani mara mbili kwa mwezi, mimi hilo nalihesabu kuwa ni jambo la usalama, wala si anasa hata kidogo.

Na hiyo hoja ya mafuta nayo ipimwe sawasawa. Injini ya 1.3 ya kuanzia 2014 inafanya kazi kwa mzunguko wa Atkinson, namna ya uchomaji inayobana mafuta, na katalogi ya Japani iliiandikia kilomita 25 kwa lita. Hakuna atakayezipata kilomita hizo hapa, maana kipimo kile hakina AC wala matuta wala watu watano. Ninachokiona mimi kwenye pampu ni hiki: mjini 1.0 inashinda, lakini njia ya Mombasa na mzigo, tofauti inakuwa ndogo hata haifai kuwa sababu ya kuamua. Injini ndogo ukiikanyaga muda wote inakunywa kama nyingine tu.

Kuna waliokutisha na ushuru pia. Ushuru wa bidhaa kwa magari ya petroli ya kawaida ni asilimia 20 kwa injini isiyozidi cc 1500, na 25 ikizidi hapo. Kwa hiyo 1.0, 1.3 na hata 1.5 ziko kapu moja. Kinachopanda ni thamani ya gari linalokadiriwa, kiwango ni kile kile.

Tuje kwenye matoleo, na hapa ndipo watu wengi wanapotupa pesa. Muuzaji atakuonyesha rimu za aloi, redio kubwa ya skrini, kitufe cha kuwashia na viti vya rangi mbili. Vitu hivyo vingi unaweza kuviongeza baadaye polepole, na baadhi havitakufaa kitu. Ile skrini ina ramani za Japani na maandishi ya Kijapani, na redio yake mara nyingi inasoma FM ya Japani inayoishia chini ya stesheni nyingi zetu, kwa hiyo utaibadilisha au utaitafutia kifaa cha kugeuza masafa. Usiilipie hata shilingi.

Lipia ambavyo huwezi kuvifunga baadaye. Cha kwanza ni injini yenyewe. Cha pili, mifuko ya hewa ya pembeni, ambayo si kila Vitz inayo: tafuta alama iliyoandikwa ubavuni mwa kiti na kwenye nguzo za milango. Cha tatu, mfumo wa kuzuia gari lisiteleze, ule wenye kitufe cha picha ya gari na mistari ya kuyumba. Japani ililazimisha mfumo huo kwa miundo mipya kuanzia Oktoba 2012, miundo iliyokuwapo ikapewa muda zaidi, kwa hiyo gari la zamani lipekue wewe mwenyewe. Vitz za kuanzia 2015 zinaweza kuwa na breki ya kujikinga na ajali. Utaijua kwa kijisanduku cha kamera na leza nyuma ya kioo cha katikati. Ni kitu kizuri, ila ujue kwamba kioo cha mbele kikivunjika, kijisanduku kile hakirudishwi hivi hivi, lazima kipimwe upya. Na kwa jua letu kuna kimoja ambacho watu hawakisemi: matoleo ya juu ya Vitz yana vioo vya milango ya mbele vinavyozuia karibu asilimia 99 ya miale ya UV. Mkono wa dereva anayekwenda kaskazini kila asubuhi jua likiwa kulia utakushukuru.

AC ya kuzungusha kwa mkono mimi naipenda kuliko ile ya vitufe na skrini. Ikiharibika fundi anaona kilichoharibika.

Kile kifaa cha kuzima injini gari likisimama kinahitaji maelezo. Huko Japani kinaokoa mafuta kwenye foleni. Hapa unasimama mbele ya stendi, injini inazima, kompresa inasimama nayo, na baada ya muda mfupi hewa inayotoka ni ya moto. Halafu gari la namna hii linatumia betri maalumu, bei yake si ya betri ya kawaida. Nimeona gari limefungwa betri ya kawaida na duka moja bila mwenyewe kuambiwa, na betri ile haikumaliza mwaka. Kitufe cha kukizima kipo kwenye dashibodi, kina herufi A ndani ya mshale wa duara. Kibonyeze kila unapowasha, na ukinunua betri taja kwamba gari lina mfumo huo.

Vitz ndogo zenye magurudumu manne ya kuvuta zisikuvutie kwa sababu ya barabara ya Marafa. Zilitengenezwa kwa mikoa ya theluji, na barabara za huko humwagiwa chumvi wakati wa baridi. Chumvi ile inaanza kula chini ya gari kule, kisha unalileta kwenye upepo wa bahari huku. Ukiliona moja, lipandishe juu, mulika tochi kwenye mabomba ya breki, kwenye ekzosi na mikono ya saspensheni, na ukiona kutu inabanduka vipande vipande, ondoka. RS, toleo la kimichezo, nayo ni 1.5 na inakwenda kweli, lakini tairi zake ni 195/50 za inchi 16, ubavu wake mfupi, na gari limekaa chini. Tairi za inchi 14 za F zina nyama zaidi ya kupokea mashimo, na bei yake dukani ni ya chini.

Sasa binamu yako na dizeli. Demio ya dizeli ina cc 1498, nguvu farasi 105, na ya otomatiki ina msukumo wa 250, zaidi ya mara mbili ya Vitz ya 1.3. Ukiendesha huwezi kuikataa, na ina gia sita za kawaida wala si CVT. Shida iko kwenye namna inavyotaka kutumiwa. Ekzosi ina chujio la masizi, na chujio lile hujisafisha kwa joto, linataka mwendo mrefu wa moja kwa moja. Safari fupi fupi za mjini zinakatiza kazi hiyo, masizi yanarundikana, na mengine yanakwama kwenye njia ya hewa ya injini. Shemeji yangu alikuwa na gari dogo la dizeli, jina la kampuni naliacha, akilipeleka sokoni na msikitini tu. Taa ikawaka, nguvu ikapungua, na mwisho ikabidi njia ya hewa ifunguliwe yote ikwanguliwe. Safari yako ya Gongoni ni bora kuliko yake, siwezi kusema haiwezekani. Ninachokuuliza ni fundi gani hapa Malindi mwenye kompyuta ya kuisoma injini ile. Kama jibu ni kwamba utaipeleka Mombasa kila taa ikiwaka, iache.

Wanaotaja haiburidi, ile ya petroli na umeme pamoja, sitazidi maneno mawili. Betri yake kwenye Vitz iko chini ya kiti cha nyuma na inavuta hewa ya kupoa kupitia tundu lililo ubavuni mwa kiti hicho. Mchanga wetu na mizigo inayoziba tundu lile ndiyo maadui. Ukinunua, hakikisha panasafishwa.

Turudi kwa zako mbili. Muuzaji akisema 1.3, usimwamini kwa mdomo, fungua boneti utafute kibati cha mtengenezaji. KSP130 ni 1.0, NSP130 ni 1.3, NCP131 ni 1.5 ya RS, NHP130 ni haiburidi, na NSP135 ni ile 1.3 ya magurudumu manne. Kwa Demio, DJ3FS ni petroli ya 1.3, DJ5FS ni dizeli. Nembo ya nyuma inabandikwa na kubanduliwa, kibati hakidanganyi kirahisi.

Kisha nenda na watu wazima watatu, muingie wote, AC juu kabisa, mlipeleke Mazeras kwa kile kipando cha kutoka Miritini. Tega sikio kwenye gia. CVT nzima inapanda bila kushtuka. Ikitikisika unapoondoka au ikivuma kama inasaga kitu, hapo hata kama ni 1.3 achana nayo, chukua ile 1.0 safi bila kinyongo. Uliza pia oili ya gia ilibadilishwa lini na iliwekwa ipi, maana CVT inataka oili yake, ile ya otomatiki ya kawaida inaiua.

Ikipita mtihani huo, kati ya mbili hizi chukua 1.3. Ila kabla hujatoa pesa waulize swali ambalo naona hakuna aliyelitaja: wana 1.3 ya F? Ipo. Yadi nyingi huweka 1.0 ya F kwa ajili ya bei na 1.3 ya U kwa ajili ya macho, na ile ya kati, injini kubwa na mwili wa kawaida, inasahauliwa. Kwa safari zako ndiyo ningeitafuta kwanza. Na usikawie sana, kwa sababu jina la Vitz lilikoma Japani Februari 2020 ilipoingia Yaris, na Yaris hiyo petroli yake ni 1.0 au 1.5, 1.3 haimo. Kwa sheria yetu ya miaka minane, zinazoweza kuagizwa zinapungua kila mwaka mpya ukiingia.

Ukifika yadi piga picha ya kibati, ya karatasi ya mnada (ripoti ya ukaguzi wa gari kule Japani), na ya chini ya gari upande wa nyuma, uziweke hapa. Nitazisoma inshallah, na wenzangu watanisahihisha nitakapopitiwa.